Kupiga picha ya mwezi mpevu unapochomoza, pwani na mlimani

Picha nyingi za mwezi mpevu huharibika kabla kamera haijatoka mkobani. Mpigaji amekwenda jioni isiyo yake, au amesimama karibu mno na kile anachotaka kukipiga pamoja na mwezi. Mwongozo huu unaanza na siku na mahali, kwa sababu huko ndiko kwenye kazi kubwa. Mipangilio ya kamera utaijua kwa jioni moja.

Kuchagua jioni

Mwezi mpevu huchomoza karibu na machweo, kisha kila siku hukawia kwa wastani wa dakika 50. Jioni inayofaa ni ile ambayo mwezi unatokea kati ya dakika 20 kabla ya jua kuzama na dakika 10 baada yake. Ukitokea mapema zaidi, anga bado ni jeupe na mwezi unakuwa hafifu kama karatasi. Ukitokea baadaye zaidi, nchi imeshaingia giza, nawe utapata duara jeupe juu ya weusi mtupu. Kwetu karibu na Ikweta utusitusi ni mfupi: dakika 20 na kitu baada ya machweo, mandhari yamekwisha kwa kamera. Maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya, yanayokuambia una saa nzima ya mwanga wa buluu, hapa yatakupoteza.

Kalenda hutaja saa ambayo mwezi unafikia upevu kamili. Tovuti nyingi hutumia saa ya kimataifa (UTC), kwa hiyo ongeza saa 3 upate ya Afrika Mashariki. Usipoongeza unaweza kukosea siku nzima: upevu wa saa 4 usiku wa Jumanne kwa UTC, kwetu ni saa 7 usiku wa kuamkia Jumatano. Ukishapata saa sahihi, hesabu tofauti kati ya upevu na machweo. Kila saa moja ni kama dakika 2. Upevu ukitokea saa 9 baada ya machweo, yaani alfajiri inayofuata, basi jioni hiyo mwezi utachomoza kama dakika 18 kabla ya jua kuzama. Hiyo ni jioni nzuri, ingawa kalenda ya ukutani imeandika “mwezi mpevu” kesho yake. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana kipimo cha haraka: usiku wa kumi na nne ndio wa kwanza kuukagua, kisha wa kumi na tatu na wa kumi na tano.

Kisha thibitisha kwa programu. Stellarium inatosha kwa wengi na toleo lake la tovuti ni la bure: weka mahali pako, peleka saa mbele, soma dakika ya kuchomoza na mwelekeo kwa nyuzi za dira. PhotoPills na The Photographer's Ephemeris huchora mstari wa mwezi juu ya ramani, na mstari huo ndio utakaouhitaji kwenye hatua inayofuata.

Mwezi hautoki mahali pamoja

Mwezi mpevu hukaa upande wa pili wa jua. Kwa hiyo mwezi mpevu wa Desemba huchomoza kaskazini-mashariki, wa Juni kusini-mashariki, na wa Machi au Septemba karibu na mashariki kamili, nyuzi 90. Katika nchi zetu mwelekeo wake hauzidi nyuzi 61 hadi 119 hivi. Tena mipaka hiyo hutanuka na kubana katika mzunguko wa miaka 18.6. Ilikuwa mipana mno mwaka 2024 na 2025, na itakuwa myembamba kuelekea 2034, pale mwezi mpevu wa Juni au Desemba utakapoishia karibu nyuzi 18 tu kutoka mashariki. Usitegemee alama uliyoiweka mwaka jana, hesabu upya.

Jambo hili linafuta sehemu nyingi kwenye orodha. Kutoka Moshi mjini, Kibo, yaani kilele kikuu cha Kilimanjaro, iko kaskazini. Kutoka Amboseli iko kusini. Mwezi hauwezi kuchomoza nyuma ya kilele ukiwa sehemu hizo mbili, mwezi wowote wa mwaka, na ukiona picha ya tembo wa Amboseli na mwezi mpevu umekaa juu ya Kibo kana kwamba ndio kwanza unatoka, fahamu kuwa mwezi huo umebandikwa. Anayetaka mwezi utoke nyuma ya Kilimanjaro lazima awe magharibi ya mlima. Kutoka Arusha, Kibo iko kwenye nyuzi 67 hivi, hivyo unahitaji mwezi mpevu wa Novemba, Desemba au Januari kutegemea mwaka. Ukisogea kaskazini kuelekea mstari wa latitudo ya kilele (3°04′ Kusini), mwelekeo unakaribia nyuzi 90 na miezi inakuwa Machi na Septemba. Novemba na Desemba zina mvua za vuli na mlima hujifunika; kwa uwezekano wa kuuona, Januari na Februari ni bora.

Pwani mambo ni mepesi. Coco Beach ya Dar es Salaam, Paje na Jambiani za Unguja, Diani na Watamu za Kenya, zote zinatazama mashariki. Mji Mkongwe hapana: Forodhani inatazama magharibi, na mwezi wa jioni utatokea nyuma yako, juu ya mapaa. Walio bara wana maziwa. Bukoba iko ukingo wa magharibi wa Ziwa Victoria na mwezi hutoka majini kabisa; Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, nayo inatazama mashariki. Bujumbura iko ng'ambo ya pili, na huko mwezi hutokea nyuma ya milima.

Umbali ndio unaokuza mwezi

Mwezi una upana wa nusu nyuzi angani, uwe upeoni au utosini. Ule ukubwa unaouona unapotoka ni macho yanavyodanganyika. Nyoosha mkono uufunike kwa ncha ya kidole kidogo: utafunikwa na nafasi kubaki, na baada ya saa tatu hali itakuwa ileile. Kamera haidanganyiki hivyo, ndiyo maana picha za simu huonyesha punje ya mchele.

Kwenye sensa, yaani kibao cha ndani ya kamera kinachonasa picha, upana wa mwezi ni urefu wa lenzi (milimita zilizoandikwa juu yake) ugawe kwa 110. Lenzi ya milimita 200 inatoa mwezi wa milimita 1.8, ya 400 inatoa 3.6, na ya 600 inatoa 5.5. Kwenye sensa kamili yenye kimo cha milimita 24, hiyo ni takriban sehemu moja ya 13, ya 7 na ya 4 za fremu. Ukiwa na kamera ya APS-C, yenye sensa ndogo zaidi, lenzi ya 250 au 300 inatosha kuanzia.

Lakini lenzi hukuza kila kitu kwa pamoja. Kinachoufanya mwezi uonekane mkubwa *kuliko* mti au mnara ni wewe kurudi nyuma. Kanuni ni ile ile 110: kitu huwa sawa na upana wa mwezi ukiwa mbali nacho mara 110 ya kimo chake. Mtu wa mita 1.7 atalingana na mwezi ukiwa mita 187 kutoka kwake. Tanga la ngalawa la mita 5, mita 550. Mnazi wa mita 15, mita 1,650. Mnara wa msikiti wa mita 20, mita 2,200. Ukitaka mwezi uwe mkubwa mara mbili ya kitu hicho, zidisha umbali kwa mbili na utafute lenzi ya kuufikia.

Kilimanjaro inaonyesha jambo hili vizuri. Ukiwa upande wa Sanya Juu, kama kilomita 34 kutoka kileleni, mwezi unafunika takriban mita 310 za mlima. Ukiwa Arusha, kilomita 80 hivi, unafunika zaidi ya mita 700. Shimo la Kibo lina upana wa kilomita 2 na nusu hivi, kwa hiyo kutoka Arusha mwezi unakaribia theluthi yake, na kutoka Sanya Juu ni kama sehemu ya nane. Wanaosogelea mlima ili “wapate mwezi mkubwa” wanafanya kinyume.

Mlima pia huuchelewesha mwezi. Dakika iliyoandikwa kwenye programu ni ya upeo tambarare. Kutoka Arusha kilele kimeinuka karibu nyuzi 3 juu ya upeo, na mwezi hupanda nyuzi moja kwa dakika 4 hadi 4 na nusu, kwa hiyo utauona kama dakika 13 baadaye. Kutoka Sanya Juu kilele kiko nyuzi 7 na nusu: zaidi ya nusu saa. Hapo chagua jioni ambayo mwezi unachomoza kwenye jedwali dakika 25 hadi 30 kabla ya machweo, mara nyingi siku moja kabla ya ile inayotangazwa.

Kwa bahati nzuri, karibu na Ikweta mwezi hupanda karibu wima. Ukishaotea mstari, unabaki nao kwa dakika kadhaa. Walio Ulaya mwezi huwakimbia kwa mshazari.

Kukagua mahali mchana

Nenda siku moja au mbili kabla. Simama pale programu inapokuambia, tazama kwenye mwelekeo wa mwezi, na uhakikishe hakuna nguzo ya umeme, mti au ukuta. Usiiamini dira ya simu peke yake, kwani gari, mabati na zege yenye nondo huipotosha. Njia ya uhakika ni kuchora mstari kwenye ramani kutoka mahali pako hadi kitu unachokitambua kwa macho, kisha kupima mwezi kutoka hapo.

Fahamu pia utasogea kiasi gani ukikosea. Kusogeza kitu kwa upana wa mwezi mmoja, unatembea upande umbali wako ugawe kwa 110. Kwa ngalawa ya mita 550 ni hatua tano au sita tu. Kwa mnara wa mita 2,200 ni mita 20. Kwa Kibo kutoka Arusha ni mita 700 na zaidi, maana yake huwezi kurekebisha kwa miguu mwezi ukishatokea. Hata pikipiki haitakuwahisha.

Ufukweni kuna la ziada. Mwezi mpevu ni wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Katika pwani ya Unguja na Dar es Salaam maji ya bamvua hujaa karibu saa 10 jioni na kupwa karibu saa 4 usiku, na tofauti yake huweza kukaribia mita 4. Mwezi unapochomoza saa 12 na nusu maji yameanza kurudi lakini bado yapo, yakiwa na nafasi ya kuakisi njia ya mwanga. Ukichelewa hadi saa 2, Paje na Jambiani zitakuwa zimekauka mpaka karibu na mwamba, na ngalawa zimelala ubavu. Ukitaka chombo kinachoelea nyuma ya mwani na mawimbi, zungumza na mwenye chombo mapema, mkubaliane malipo, na umwombe atie nanga badala ya kutembea: lengo linalosogea na mwezi unaosogea ni mengi kwa jioni moja.

Vifaa

Kamera yenye mipangilio ya mkono, lenzi ya milimita 200 au zaidi, stendi ya miguu mitatu iliyo imara, na tochi. Stendi nyepesi ndiyo inayovunja watu moyo: kwa milimita 400, mtikisiko usioonekana kwa macho unafuta bonde na kilima vyote vya mwezi. Usiinue nguzo ya katikati. Ning'iniza mkoba chini yake, ila uguse ardhi kidogo usibembee na upepo. Mchangani kandamiza miguu hadi isizame tena. Msimu wa kusi pwani upepo wa jioni una nguvu, hivyo kaa chini na ukinge kamera kwa mwili wako. Kama lenzi ina kizuia mtikisiko na ni ya zamani, kizime ikiwa juu ya stendi.

Mipangilio

Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Rangi weka Kelvin 5,500 au alama ya jua. Ukiacha kamera ijichagulie, itafuta ule wekundu wa mwezi uliokufanya utoke nyumbani.

Fokasi ifanye mapema kungali na mwanga, kwenye kitu kilicho mbali, kisha hamishia kwenye mkono na usiguse tena. Kwa tundu la lenzi la f/8 na sensa kamili, umbali wa kufokasi unaokupa kitu na mwezi vyote vikali ni takriban mita 170 kwa lenzi ya 200, mita 670 kwa ya 400, na kilomita 1.5 kwa ya 600. Ukifokasi hapo, kila kilicho kuanzia nusu ya umbali huo hadi mwezini kitakuwa kikali. Ngalawa yetu ya mita 550 kwa lenzi ya 400 iko salama. Mtu wa mita 187 kwa lenzi ya 400 hayumo: mpe fokasi yeye, mwezi ulegee kidogo, au funga tundu hadi f/16.

Mwangaza wa kuanzia, jua linapozama: ISO (wepesi wa sensa kunasa mwanga) 400, tundu f/8, kasi ya shata sekunde 1/60. Mwezi ukiwa upeoni umefifishwa sana na hewa nzito, mara nyingi kwa hatua 2 hadi 4 (kila hatua ni nusu ya mwanga), kwa hiyo unakaribiana na mwanga wa nchi. Huo ndio muda wa fremu moja kubeba vyote viwili, na ni dakika 10 hadi 15 tu. Kadiri mwezi unavyopanda unazidi kung'aa, na kila dakika nchi inazidi giza. Tazama kwenye kioo alama ya kuungua, inayoonyesha sehemu zilizozidiwa na mwanga. Mwezi ukianza kumeta, punguza mwangaza hata kama nchi inakuwa nyeusi. Kivuli utakiinua baadaye kwenye RAW, lakini mwezi ulioungua haurudi.

Usishuke kasi ya shata ovyo. Mwezi husogea upana wake mzima kwa dakika mbili hivi, na kwa lenzi ya 400 huvuka pikseli moja kwa kama moja ya tano ya sekunde. Kikomo cha busara ni 1/15, na kwenye upepo 1/125. Mwanga usipotosha, panda ISO hadi 800 au 1600. Chembechembe husafishika, mtikisiko hausafishiki. Tumia taima ya sekunde 2 au rimoti.

Jioni yenyewe

Fika saa moja kabla. Funga kamera, ielekeze, fokasi, piga fremu ya majaribio. Dakika tano kabla ya muda, acha kuzungumza na anza kutazama. Usishtuke mwezi ukikosekana kwenye dakika yake. Pwani kuna ukanda wa mawingu juu ya bahari karibu kila jioni, na mwezi unaweza kutokea nyuzi mbili juu, yaani dakika nane au tisa baadaye. Ukitokea ukiwa umebonyea kama embe, lenzi yako ni nzima: hewa huupinda mwanga wa ukingo wa chini zaidi ya wa juu.

Piga fremu tatu tatu kila nusu dakika, hata zikifanana. Joto linalopanda kutoka mchangani, lami na mabati huifanya hewa ichezecheze, na katika fremu tatu moja huwa kali kuliko nyingine.

Pengo la mwanga likishakuwa kubwa, piga fremu mbili bila kugusa stendi wala zumu: moja kwa ajili ya mwezi (ISO 400, f/8, 1/125), nyingine kwa ajili ya nchi (ISO 800, f/8, sekunde 1/4 au zaidi). Utaziunganisha kwenye kompyuta. Hilo ni halali kwa maoni yetu, kwa kuwa mwezi umebaki mahali pake na kwa ukubwa wake. Kuuchukua mwezi wa lenzi ya 600 na kuubandika kwenye mandhari ya lenzi ya 24 ni kitu kingine, na mwenye macho huona: mwezi uko mbele ya wingu, au kivuli cha mnazi kinaelekea upande usiowezekana.

Ukiwa na simu tu

Lenzi kuu ya simu ni sawa na milimita 24 hadi 26. Mwezi utakuwa sehemu moja ya 150 ya upana wa picha. Acha kuuhangaikia mwezi wenyewe, piga njia ya mwanga juu ya maji na chombo kikiwa kivuli. Gusa mwezi kwenye kioo, shikilia hadi fokasi ifungwe, kisha shusha mwangaza kwa kidole mpaka duara lionekane. Simu yenye lenzi halisi ya zumu inafaa zaidi. Zumu ya kidijitali ni kukata picha tu. Baadhi ya simu huutambua mwezi na kuuongezea undani kwa programu, kwa hiyo kama unataka ulichokiona, zima uboreshaji huo.

Tahadhari

Lenzi ndefu karibu na bandari, uwanja wa ndege au kambi ya jeshi huleta maswali, na maeneo ya jeshi hayapigwi picha kabisa. Hifadhi na maeneo ya jumuiya za wanyamapori yana ada na saa za kutoka, ambazo mara nyingi hugongana na kuchomoza kwa mwezi. Ufukweni usiku nenda na mwenzako. Ukirudi, futa kamera na miguu ya stendi kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu, maana chumvi haingoji asubuhi.

Mwezi ukishapanda

Usifunge mkoba haraka. Saa 3 usiku mbalamwezi inatosha kupiga nchi yenyewe: upe mwezi mgongo, weka lenzi pana, ISO 1600, f/4, sekunde 6 hadi 8. Hapa sehemu zilizokataliwa juu zinapata kazi. Mwezi mpevu wa Desemba na Januari hupita kaskazini ya utosi na kumulika uso wa Kibo unaoonekana Amboseli. Wa Juni na Julai hupita kusini, na kumulika barafu za upande wa Moshi. Subiri hadi mwezi uvuke nyuzi 40 hivi, karibu saa tatu baada ya kuchomoza, ili mwanga ufike kwenye mabonde ya mlima.